Eric Adams aliomba kura kwa kipigo alichopigwa na polisi, alipopata umeya akawasahau wanaopigwa

Wakuu, leo nimejaa. Kila tukigusa siasa za hapa New York na Eric Adams, aliyekuwa meya wetu, lazima atokee mtu aseme "Adams alikuwa polisi, mtu wa nidhamu, kaonewa tu." Nimeisikia vijiweni Bronx na humu jukwaani pia. Basi leo tuongee.

Mwenyewe kasimulia mara nyingi: akiwa na miaka 15, yeye na ndugu yake walikamatwa Queens, wakaingizwa kituoni na kupigwa mateke sehemu za siri mpaka akawa anakojoa damu. Mwaka 1984 akaingia upolisi, anasema ili abadilishe mambo akiwa ndani. Na sitamnyima haki yake, kuna kazi aliifanya. Mwaka 1995 yeye na askari wenzake weusi walianzisha chama cha kukemea ukatili wa polisi, tena akiwa bado amevaa sare. Alistaafu 2006 akiwa kapteni, akaenda Albany, makao makuu ya jimbo, kuwa seneta wa jimbo. Mwaka 2010 alikuwa mmoja wa waliosukuma sheria ya kuwazuia polisi kuhifadhi kwenye kompyuta majina ya watu waliosimamishwa barabarani wakaachiwa bila kosa.

Halafu 2013 akapanda kizimbani kutoa ushahidi mbele ya Jaji Shira Scheindlin, kwenye kesi ya kupinga polisi kusimamisha na kupekua watu barabarani. Alisema kamishna wa polisi Ray Kelly alitamka mbele yake kwamba vijana weusi na Walatino wanalengwa ili wakitoka nyumbani wawe na hofu ya kusimamishwa. Kelly alikana. Lakini kumbukeni mwaka 2011 peke yake polisi walisimamisha watu zaidi ya 685,000, na karibu tisa katika kila kumi hawakukutwa na kosa lolote. Jaji akaamua kwamba utaratibu ule ulivunja katiba. Huyo ndiye Adams niliyemheshimu.

Akawa mkuu wa Brooklyn, moja ya wilaya za jiji, kuanzia 2014. Mwaka 2021 akashinda mchujo wa chama cha Democrats wa kumpata mgombea umeya kwa tofauti ya kura kama 7,000 hivi. Manhattan ilimkataa. Waliombeba ni watu wa Bronx, Brooklyn na Queens, watu weusi wenye vijana wanaosimamishwa kila siku, waliosema huyu anajua maumivu yetu.

Malipo yao ni haya. Machi 2022 alirudisha vikosi vya kusaka bunduki mitaani, mfano wa vile vilivyovunjwa 2020. Mwaka uliofuata msimamizi aliyewekwa na mahakama kuwafuatilia polisi akakagua kazi yao: karibu robo ya watu waliosimamishwa walisimamishwa kinyume cha sheria, na karibu wote walikuwa weusi au Walatino.

Januari 2024 ndiyo iliyonimaliza kabisa. Desemba 2023 baraza la jiji lilikuwa limepitisha sheria ya kumtaka askari aandike kila anapomhoji raia kwa upelelezi: anaonekana wa rangi gani, umri gani, sababu ilikuwa nini. Basi. Januari ile Adams akaipiga veto, yaani akaizuia kwa mamlaka ya meya, akidai askari watazama kwenye makaratasi. Siku chache kabla baraza halijapiga kura tena, polisi walilisimamisha gari la diwani Yusef Salaam wa Harlem. Salaam ni mmoja wa wale vijana watano waliofungwa kwa kosa la ubakaji kwenye bustani ya Central Park ambalo hawakulifanya. Alipojitambulisha kuwa diwani na kuuliza kwa nini amesimamishwa, askari akamuaga na kuondoka bila kumjibu. Baraza likaipindua veto ya meya kwa kura 42 kwa 9. Sasa niambieni, yule kijana aliyepigwa mateke Queens angekuwa upande gani siku ile?

Na sisi wageni? Septemba 2023 alisimama mbele ya watu akasema suala la wahamiaji litaliangamiza jiji, wakati Waafrika wenzetu kutoka Mauritania, Senegal na Guinea wanapanga foleni usiku kutafuta pa kulala.

Septemba 2024 akashtakiwa kwa makosa matano, yakiwemo ya hongo na michango ya kampeni kutoka Uturuki. Alikana, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani, hilo nalikubali. Lakini wanaosema "alishinda kesi" wanapotosha. Serikali ya Trump ndiyo iliyoomba kesi ifutwe, waendesha mashtaka kadhaa wakaacha kazi kuliko kutia saini. Aprili 2025 Jaji Dale Ho akaifuta moja kwa moja, huku akiandika kwamba jambo zima linanuka mapatano: kesi ifutwe, meya naye aisaidie serikali ya Trump katika sera zake dhidi ya wahamiaji. Kwa hiyo haiwezi kufunguliwa tena, na ushahidi ule hatutausikia mahakamani, sisi tuliokuwa tukiongozwa naye.

Anayemtetea aje na hoja, aanze na ile veto.