Nimeunda pedali yangu ya kwanza ya gitaa, nobu zinanizingua. Naombeni msaada

solo_kanisani:
Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mpiga solo wa kanisani, na ufundi redio najifunza kwa kuunguza vidole. Wiki mbili hizi nimejiundia pedali ya fazi (kisanduku cha kukanyaga kinachoikwaruza sauti ya gitaa) kwa saketi ya Fuzz Face, ile iliyotoka London 1966. Niliichagua kwa sababu haina vitu vingi: transista mbili, rezista nne, kapasita tatu na potensiometa mbili (vikinzani vya kuzungusha, vile vinavyokaa chini ya nobu), basi. Nimetumia BC547 nilizonunua Kariakoo na betri ya volti 9, vyote ndani ya kopo la plastiki la chakula. Msinicheke.

Sauti inatoka, hilo namshukuru Mungu. Ila nobu ya sauti inakwenda kinyumenyume: nikizungusha kulia inashuka. Nikiirudisha, sauti inaruka yote kwenye robo ya mwanzo, kinachobaki ni kuzungusha hewa. Nobu ya fazi hainisikii mpaka ifike mwisho kabisa. Halafu noti haikai. Nikiiacha iishe taratibu inakatika ghafla, kama mtu kakabwa koo. Potensiometa zimeandikwa B500K na B1K. Nimekosea wapi?

RisasiMoto:
Hongera mkuu, ya kwanza kutoa sauti si haba. Yangu ya kwanza ilitoa moshi.

Hiyo ya kinyumenyume umeunganisha ukiitazama potensiometa kwa nyuma, na mchoro wako bila shaka unaionyesha kwa mbele. Hapo wengi tumepita. Badilishana waya za pembeni, wa katikati usiuguse.

Sasa hizo herufi. K ni maelfu ya omu, kipimo cha ukinzani. B ukinzani wake unapanda sawasawa mwanzo mpaka mwisho. A inapanda polepole halafu inaongeza kasi, na sikio ndivyo linavyotaka kwenye sauti, kwa hiyo tafuta A500K. Fazi ingependa C1K, kinyume cha A, lakini hiyo utaisaka madukani mpaka viatu viishe soli. Baki na B, ujue tu utamu wote uko mwishoni.

MzeeTransista:
Vijana mnakimbilia nobu. Noti kukatika hakuhusiani na nobu. Weka mita kwenye volti za DC, waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye kolekta ya transista ya pili (mmoja wa miguu yake mitatu; mingine ni bezi na emita). Unapata ngapi?

solo_kanisani:
Shikamoo mzee. Inasoma 2.0.

MzeeTransista:
Marahaba. Ugonjwa ndio huo. Inatakiwa 4.5 hivi, nusu ya betri, ili wimbi lipate nafasi ya kupanda na kushuka. Lako limelala sakafuni. Saketi ilianza na transista za germaniamu, ambazo zinaamka kwa volti 0.2 au 0.3. Silikoni inataka kama 0.6, kwa hiyo mkondo unaopita kwenye rezista ya 8.2K unakuwa mkubwa na volti zinaliwa humo. Ing'oe, weka trima (potensiometa ndogo ya kurekebishia) ya 10K, uizungushe kwa bisibisi ndogo huku macho yako yako kwenye mita.

Na usije ukang'oa transista ya C945 kwenye redio mbovu ukadhani miguu inafanana. BC547, bapa likikutazama, ni kolekta, bezi, emita. C945 ya kawaida ni emita, kolekta, bezi.

bendi_ya_mtaa:
A500K ikikosekana, hiyo B yako chomelea rezista ya 100K kati ya mguu wa katikati na ule wa ethi. Inajifanya A.

MzeeTransista:
Kweli, lakini mwambie na gharama yake. Nobu ikifunguliwa yote, kapasita ya kutolea sauti haioni tena 500K, inaona kama 83K, na ikiwa ni ya nanofaradi 10 itakula sauti nzito. Apandishe hadi 47.

solo_kanisani:
MREJESHO. Trima imesimama kwenye 5.2K, mita inasoma 4.5, noti inaning'inia mpaka naichoka mwenyewe. Rezista ya 100K nimeweka, kapasita ya 47 pia, nobu ya sauti imetulia. Kuna kingine nimekigundua kwa bahati: nikipunguza kidogo volyumu ya gitaa lenyewe, fazi inasafika, napiga pambio zima bila kukanyaga swichi.

Yamebaki mawili. Nobu ya fazi inakwaruza nikiizungusha, na pedali inavuma nikisogea karibu na ampli.

MzeeTransista:
Fazi kukwaruza kidogo usihangaike nako, umeme wa transista ya pili unapita humo humo kwenye potensiometa. Ingekuwa ya sauti ndiyo inakwaruza, ningekwambia ushuku kapasita ya kutolea, kwamba inavujisha.

RisasiMoto:
Na huo mvumo ni hilo kopo la chakula. Bandika foili ndani yote, iguse ethi ya jeki na isiguse kingine chochote. Halafu mwambie mwenye kopo halirudi tena jikoni.