Mliofanya kazi kwenye maghorofa ya Dubai, tupeane uzoefu

Wakuu, habari za muda huu.

Huu ni mwaka wangu wa sita Dubai, ni mlinzi kwenye jengo refu pale Marina. Watu wa nyumbani wakipiga simu swali ni lile lile: umepanda Burj Khalifa? Sijapanda. Mimi maghorofa ya huku nayajua kwa joto. Jengo letu upande wa baharini ni kioo kitupu. Mwezi wa nane, saa kumi jioni, kioo hicho ukikigusa kwa nje kinaunguza, na ndani wapangaji wamevaa sweta. Nikimaliza zamu alfajiri nikafungua mlango wa kutokea, miwani inaingia ukungu papo hapo, hatua za mwanzo natembea nimeshika ukuta.

Mliojenga, mliosafisha, mlioishi mle, karibuni.

*Fundi nondo*
Nilikuwa saiti kuanzia 2007. Hiyo Burj tuliiona ikipanda, wakati huo bado inaitwa Burj Dubai. Ilipofunguliwa Januari 2010, mita 828, ndipo ikapewa jina la Sheikh Khalifa wa Abu Dhabi, ndugu walioikopesha Dubai wakati pesa zimekauka.

Zege la kiangazi lina masharti yake. Ukilimwaga mchana linashika upesi mno, baadaye linapasuka. Burj walimwaga usiku, maji yametiwa barafu. Hata sisi kwenye jengo letu dogo tulisubiri jua lizame. Nondo iliyolala juani huishiki mkono mtupu, ngozi inabaki pale. Siku hizi, toka tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba, ni marufuku kufanya kazi juani kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:00. Sheria nzuri sana hiyo, msiidharau.

Mwanzoni mwa 2009 kreni zikasimama. Tukarudishwa nyumbani, mishahara ya miezi miwili ikabaki huko huko. Jengo tuliliacha mifupa, nondo zimechomoza juu. Miaka kadhaa baadaye nikaona picha yake limeisha, vioo vinameta. Nikahesabu madirisha toka chini hadi ghorofa ya 11, tulipoishia sisi. Nikamwonyesha mwanangu.

*Mwanzisha mada*
Pole sana kaka. Hiyo miezi miwili inauma.

*Mama wa usafi*
Mimi ni vumbi tu jamani. Upepo wa shamali ukivuma siku mbili, dirisha la ghorofa ya 30 linakuwa kama limepakwa udongo. Wale vijana wa kamba wanaosafisha kwa nje nawaombea kila nikiwaona.

*Mtu wa Lamu*
Nami niongeze la zamani kidogo. Babu yangu alikuwa mkata boriti mikokoni. Majahazi ya Ghuba yalishuka na kaskazi, yakipakia boriti na kurudi na kusi. Kule jangwani hakuna miti ya kuezekea, kwa hiyo nyumba zao zilisimama kwa mikoko yetu. Boriti hizo wao wanaziita chandal.

Nilipokwenda Dubai kumtazama dada, nikaingia nyumba moja ya kale mtaa wa Al Fahidi, kando ya khori. Chumba kirefu lakini chembamba. Nikatazama dari: boriti, zimepangwa vile vile kama sebuleni kwetu. Upana wa chumba ni urefu wa boriti, hauzidi. Nilisimama pale hadi dada akaniita mara mbili. Nje ya uchochoro minara inaonekana, lakini mimi macho yangu yalikuwa juu darini.

*Mwanzisha mada*
Mzee wangu, mtaa huo nimepita mara nyingi nikienda kupanda abra, ile mashua ya kuvukia khori, sijawahi hata siku moja kuinua kichwa. Jumapili sina zamu. Nielekeze, nyumba yenyewe nikitokea msikitini iko upande gani?