Kozi ya usanifu ya "fani mchanganyiko": watu watano, alama moja, C. Nani ananieleza?

Wakuu, salamu. Uzi huu nimeuahirisha siku tatu nikisubiri hasira zishuke. Hazijashuka, naandika hivyo hivyo.

Niko mwaka wa tatu uhandisi mitambo, chuo sikitaji. Muhula huu tulikuwa na kozi ya usanifu ambayo wanafunzi wa fani tofauti wanatupwa kwenye timu moja. Yetu ilikuwa mimi makanika, mmoja umeme, mmoja kompyuta, mmoja usanifu majengo na dada mmoja wa biashara. Kazi: kutengeneza kaushio la jua la kukaushia embe. Bajeti laki mbili na nusu, nusu yake mifukoni kwetu, yaani kwenye bumu, hela ya mkopo wa chuo.

Wiki ya kwanza lekchara akatupigia slaidi za Finland. Kwamba wenzetu waliunganisha chuo cha teknolojia, cha biashara na cha sanaa, mwaka 2010 ikazaliwa Aalto, leo wanafunzi wao wanabuni vitu pamoja. Tukapiga makofi. Sasa wale wameunganisha vyuo vizima, huku kwetu idara zimeshindwa kuunganisha ratiba! Nilizichukua ratiba zetu tano nikazilinganisha mstari kwa mstari. Saa ambayo wote tuko huru ni moja kwa wiki: Ijumaa saa saba mchana. Timu ina Waislamu wawili. Tukaishia kukutana saa tatu usiku, karakana imeshafungwa, tunachora kwenye simu chini ya taa ya kantini.

Halafu kuna suala la krediti, na hapa ndipo damu inanichemka. Kwangu mimi na wa umeme kozi ni ya lazima, krediti 12. Kwa wa kompyuta ni ya kuchagua, krediti 8. Krediti moja ni saa 10 za kazi, kwa hiyo mimi natakiwa saa 120, yeye 80, kwenye mashine hiyo hiyo. Wa usanifu majengo haimuingii hata kwenye GPA, anatakiwa "kushiriki" tu, na wiki zile zile studio yake inamkesha. Nilimtukana kwenye grupu la WhatsApp kwa kutoonekana. Najuta, kwa sababu hesabu hiyo hakuipanga yeye.

Na msiniambie hawakujua. Slaidi nyingine ya wiki ile ile ilikuwa ya Mfaransa mmoja, Ringelmann, aliyepima watu wakivuta kamba na kuchapisha matokeo mwaka 1913: kadiri wavutaji wanavyoongezeka, ndivyo nguvu ya kila mmoja inavyopungua. Lekchara kalifundisha hilo mwenyewe, kisha akatoa alama moja kwa watu watano bila hata fomu ya kuuliza nani kafanya nini.

Lugha nayo. Tulitumwa tulete "modeli" wiki ya nne. Mimi nikaja na milinganyo ya joto. Wa usanifu akaja na kijumba cha kadibodi, kizuri kweli. Wa kompyuta alikuwa anasubiri data. Dada wa biashara akaleta karatasi ya nani atanunua na kwa shilingi ngapi. Kila mtu akaona wenzake hawajafanya kazi. Wiki mbili zikaenda.

Mashine ikachomelewa kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani, Dar. Jamaa wa usanifu alikuwa amelipunguza tundu la juu kwenye mchoro kwa sababu linaharibu sura, na sisi makanika hatukuurudia mchoro kabla haujaenda kwa fundi. Kwenye kaushio lile tundu ndiyo pua. Hewa ya moto isipotoka na unyevu wake, hukaushi, unapika. Tulitaka nyuzi 60 hivi, tukapata 75, na kale kafeni ka volti 12 tulikokatoa kwenye kompyuta mbovu kakazidiwa. Vipande vikafanya ganda gumu nje, ndani maji bado. Siku ya tatu, ukungu.

Lakini kinachoniuma zaidi ni dada wa biashara. Alidamkia Buguruni sokoni asubuhi mbili akakaa na wauza embe. Akarudi akatuambia: embe zinaporundikana na kuoza ni Novemba na Desemba, na hapo ndipo vuli inanyesha, jua la kutegemea hamna. Akashauri tuweke na jiko la mkaa la akiba. Tukamjibu, na mimi nikiwemo, "wewe tuandalie bajeti."

Siku ya prezentesheni malekchara wanne mezani. Mmoja anataka mahesabu ya mtiririko wa hewa, mwingine anasema mahesabu yamezidi, wa tatu anasifia umbo lile lile lililotuozeshea embe. Wakabishana wao kwa wao mbele yetu. Kisha wa nne akauliza: "Siku za mvua mnafanyaje?" Tukatazamana. Dada wa watu akainamisha kichwa.

C, wote. Na yeye C.

Nikaenda idarani kwangu, wakanituma kwa mratibu wa kozi. Mratibu anasema alama za makanika zinatoka idara ya makanika. Nikarudi idarani, wanasema timu ilisahihishwa kwa pamoja, waone biashara. Kaushio lenyewe liko kona ya karakana, wahudumu wanawekea mafagio.

Dirisha la rufaa linafungwa Jumatano. Aliyewahi kukata rufaa ya alama ya kundi aniambie: barua naandika peke yangu au lazima tusaini wote watano? Na inawezekana kuomba alama ya mtu mmoja tu ipandishwe? Maana naanza kuona ya kwangu huenda ni halali, ila ya yule dada hapana.

Wale wa "hayo ndiyo maisha ya kazini, vumilia", piteni kimya. Kazini kuna mshahara.