Kalprotektini imetoka 180: niache vidonge vya kalsiamu?

Mpweke_Njiani
Wakuu, naombeni ushauri. Tumbo limekuwa likininyonga na kuharisha kwa vipindi, daktari akaagiza kipimo cha choo kinachoitwa kalprotektini. Majibu ni mikrogramu 180 kwa gramu, na karatasi inaonyesha kawaida ni chini ya 50. Daktari kasema turudie baada ya wiki kadhaa.

Nimeingia mtandaoni nikakuta ni protini inayonasa kalsiamu, ya familia ya S100, na familia hiyohiyo inatajwa kwenye saratani, ubongo, moyo, hadi psoriasisi ya ngozi. Usingizi umeruka. Natumia vidonge vya kalsiamu kwa ajili ya mifupa na diklofenaki kwa ajili ya mgongo. Je, kalsiamu ndiyo inayopandisha? Na kwa nini nisipelekwe kolonoskopi, ile kamera ya kuchungulia utumbo mpana, moja kwa moja?

Mama_Tulivu
Pole mwaya. Mimi ningeacha maziwa na hivyo vidonge vyote kwanza, mwili utulie, ndipo nirudie kipimo.

Fundi_Hadubini
Dada, hapo tutampoteza mwenzetu. Kalsiamu anayomeza haihusiki na kipimo hiki hata kidogo. Protini za S100 zinashughulika na kalsiamu ambayo seli huitumia kupashana habari. Kiwango chake kikipanda ndani ya seli, protini inainasa na kubadili umbo. Sehemu iliyokuwa imejificha inafunguka na kushika protini nyingine. Binadamu ana zaidi ya 20 za namna hii, jeni nyingi zimekaa pamoja kwenye kromosomu ya 1, na kila moja ina tishu zake na kazi zake. Ukitafuta "S100 na magonjwa" lazima uletewe nusu ya kitabu cha tiba.

Ya kwako ni S100A8 na S100A9 zilizoungana. Zimejaa kwenye nyutrofili, zile seli nyeupe za damu zinazowahi penye jeraha au maambukizi. Karibu nusu ya protini zilizo kwenye majimaji ya ndani ya seli hiyo ni hizi. Kazi yake moja huwa inanifurahisha: huwapokonya bakteria na kuvu zinki na manganizi, wakashindwa kukua. Kumbe inayoitwa ya kalsiamu silaha yake ni madini mengine!

Nyutrofili zikipenya ukuta wa utumbo, kalprotektini inatoka na choo, na haiharibiki upesi, ndiyo maana inapimika. Kwa hiyo 180 inakuambia kuna nyutrofili nyingi kuliko kawaida utumboni. Sababu haikuambii.

Sista_Mstaafu
Naongezea kwenye sababu. Ndugu, umepita haraka sana kwenye diklofenaki. Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni na aspirini, hukwaruza utumbo na kupandisha kalprotektini. Dawa za kupunguza asidi kama omeprazoli nazo zimehusishwa na kupanda huko, na maambukizi ya tumbo vilevile. Mwambie daktari dawa zote unazotumia, hata za kununua mwenyewe, mwulize kama mgongo unaweza kupata kitu kingine kabla ya kurudia. Za kalsiamu endelea nazo kama ulivyoandikiwa.

Kuhusu kolonoskopi: kati ya 50 na 250 ni eneo la katikati, na wengi wanaorudia hukuta imeshuka. Crohn au kolaitisi ya vidonda, magonjwa sugu ya uvimbe wa utumbo, ikiwaka, mara nyingi namba huwa mamia mengi au maelfu. Lakini usisubiri kurudia kipimo kama kuna damu kwenye choo, uzito unapungua bila sababu, homa, upungufu wa damu, kuharisha kunakokuamsha usiku, au kuna saratani ya utumbo mpana kwenye ukoo. Hapo rudi kwa daktari mara moja, namba iwe yoyote.

Kaka_Mdogo
Samahani kudandia uzi. Kaka yangu alitolewa kijinyama kilichoota mgongoni, ripoti ya baiopsi inasema "S100 chanya". Ndiyo haya haya mambo ya tumbo?

Fundi_Hadubini
Hapana mdogo wangu. Hiyo ni rangi maalumu inayopakwa kwenye kipande cha nyama ili kutambua seli zimetoka wapi, na inashika hasa S100B, ndugu mwingine wa familia hiyo. Seli zinazozalisha rangi ya ngozi huwa chanya, na zile zinazofunika mishipa ya fahamu pia. Hivyo schwannoma, uvimbe usio saratani, huwa chanya, na melanoma ambayo ni saratani huwa chanya vilevile. Neno hilo peke yake lisiwaue kwa hofu wala lisiwape raha. Soma mstari wa hitimisho, na uone kama wameongeza rangi nyingine za kutambua seli, kama SOX10, HMB-45 au Melan-A.

S100B hiyohiyo hupimwa kwenye damu baada ya kugonga kichwa. Mwongozo wa nchi za Skandinavia wa 2013 unaruhusu baadhi ya watu wazima wenye jeraha dogo kurudi nyumbani bila skani ya CT, kama kipimo kimefanyika ndani ya saa 6 na kiko chini ya mikrogramu 0.10 kwa lita. Shida yake ni kwamba hutoka kwenye mafuta ya mwili pia, hivyo aliyevunjika mguu anaweza kuwa nayo juu na ubongo ukawa mzima.

Mpweke_Njiani
Asanteni sana wakuu. Diklofenaki sikuitaja kwa daktari kwa sababu hakuuliza, nampigia kesho. Damu sijaona, uzito uko palepale. Swali la mwisho: sampuli ya kurudia nichukue wakati gani?

Fundi_Hadubini
Choo cha kwanza cha asubuhi ndicho kinachopendekezwa, kwa kuwa kiwango hubadilika ndani ya siku moja. Na kama inawezekana, rudia kwenye maabara ileile. Vifaa tofauti hutoa namba tofauti kwa sampuli moja.