Nzi wa ndizi wasioruka, chakula cha watoto wa kinyonga, wameanza kuruka, na kopo la hydei (aina yao kubwa kidogo) liko kimya siku ya 26. Nimwage?

BandaUyole

Habari za jioni ndugu zangu. Niko Uyole, Mbeya. Nyuma ya nyumba nina banda la vinyonga, lina kibali, na watoto wa shule huja kuwaona ili wajifunze kwamba kinyonga hana sumu wala harogi mtu. Ni wale vinyonga wa milima ya Poroto, madume yao yana pembe tatu. Hawatagi mayai, wanazaa. Jike langu lilizaa watoto 11 tarehe 2 Julai. Leo wamebaki 9, na hao wawili waliokufa wananiuma mpaka sasa.

Kinyonga wa umri huu bado hawezi kumeza panzi wakubwa. Chakula chake ni nzi wadogo wa ndizi. Nilipofanya mafunzo ya vitendo kwenye maabara ya chuo, mtaalamu mmoja alinipa mbegu za aina mbili: Drosophila melanogaster wenye mabawa yaliyosinyaa, hawawezi kuruka, na Drosophila hydei ambao ni wakubwa kidogo na nao hawaruki. Wale wadogo walizaana vizuri tangu Machi. Sasa nina matatizo matatu.

Kwanza, tangu baridi ianze wamepungua sana, na wiki hii nimeona wengine wana mabawa kamili na wanaruka. Nikifungua kopo nusu wanaishia kwenye taa ya sebuleni, na watoto wa kinyonga hawali nzi aliyeko darini. Pili, kopo la hydei lina siku 26 na sijaona nzi mpya hata mmoja. Tatu, kwenye ukuta wa kopo kuukuu kuna kitu kama unga mweupe, na ule unga unatembea.

Makopo nayaweka chini ya taa ya vifaranga, nimeyafunika kwa kipande cha chandarua. Naombeni msaada, watoto hawa hawana muda wa kusubiri.

ParachichiTukuyu

Ugonile dada. Samahani naingia kama mkulima, vinyonga sivijui. Nzi wa matunda ni adui yetu mkubwa huku. Yule wa maembe, Bactrocera dorsalis, alionekana Kenya mwaka 2003 akasambaa sehemu kubwa ya Afrika, na parachichi pia anatoboa. Tafadhali kama ni huyo usimfuge, akitoroka tunaumia wote.

BandaUyole

Ugonile baba. Umefanya vizuri kuuliza. Siyo huyo. Wa maembe ni mkubwa karibu kama nzi wa nyumbani, na anatoboa tunda likiwa bado mtini. Hawa wangu ni milimita 2 mpaka 3, ni ndugu wa wale wanaozunguka ndizi zilizoiva sana jikoni, wanafuata hamira ya tunda lililokwisha kuchacha. Shamba lako liko salama nao.

MakopoIringa

Kamwene dada. Nimefuga hawa nzi miaka sita kwa ajili ya mijusi na vinyonga, nyumbani Iringa mjini. Usimwage hilo kopo la hydei. Kosa hilo nililifanya mara mbili mwaka wangu wa kwanza, mara ya pili nikakuta pupa (mabuu waliojifunga kabla ya kuwa nzi) wameshakuwa weusi ndani ya takataka nilizotupa.

Wale wadogo, kopo likiwa kwenye nyuzi 25, wanatoka yai hadi nzi kwa siku kama 10. Kwenye nyuzi 18 ni siku 19 hivi. Hydei hata joto likiwa zuri anataka wiki tatu hadi nne, na baridi ya Uyole ya mwezi wa saba inamrudisha nyuma zaidi. Chukua tochi, angalia ukuta wa kopo upande wa juu. Ukiona vitu vya kahawia kama punje ndogo, vina vipembe viwili mbele, hao ni pupa. Wakianza kuwa weusi na macho kuonekana kwa ndani, subiri siku mbili tatu tu.

Taa ya vifaranga iondoe. Hii ni muhimu kuliko unavyofikiri. Mchana inapandisha kopo juu sana, umeme ukikatika usiku kopo linaganda. Na hao wenye mabawa yaliyosinyaa wakikulia kwenye joto la karibu nyuzi 30, mabawa yao hukua kuliko kawaida. Mimi natumia boksi jeupe la samaki lenye mfuniko, naweka ndani dumu la lita 5 la maji ya moto lililofungwa kwa taulo. Jioni nabadilisha maji, alfajiri tena. Makopo hayagusi dumu. Jiko la mkaa usiliweke karibu, moshi unaua nzi na chumba kilichofungwa kinaweza kukuua wewe.

Lakini kwa kuwa umesema mabawa ni kamili, nadhani chandarua ndicho kilichokuponza. Matundu yake nzi wa ndizi wa mtaani anapita. Akiingia dume mmoja akapanda majike yako, watoto wote wa hapo wanatoka na mabawa mazima, kwa sababu kusinyaa kunajificha mpaka nzi arithi kwa baba na kwa mama. Hao watoto wakizaana wenyewe kwa wenyewe, mmoja kati ya wanne anarudi kuwa asiyeruka. Kwa hiyo mbegu yako haijapotea. Ila ukichagua majike wasioruka ovyo utakuwa umechukua walioshapandwa na wenye mabawa, na jike hutunza mbegu ya dume tumboni. Fanya hivi: asubuhi toa nzi wote wakubwa kwenye kopo, wape vinyonga. Jioni, kabla masaa manane hayajapita tangu uwatoe, okota wasio na mabawa waliozaliwa mchana huo. Hao majike bado hawajapandwa. Weka 30 au 40 pamoja na madume wa aina hiyo hiyo kwenye kopo jipya. Funika kwa kitambaa cha shuka kilichobana, fungia mpira.

Unga unaotembea ni utitiri. Usihamishe chakula wala karatasi ya kopo hilo. Chukua nzi tu, watikise kwenye chujio na poda ya chokaa ya kulishia kuku, poda inayodondoka itupe, utitiri mwingi unaondoka nayo. Kopo mwagia maji yanayochemka. Makopo mapya yasimame kwenye sinia lenye maji ya sabuni, na kopo la wale wadogo likizidi mwezi mmoja liondoe hata kama bado linatoa nzi. Wa siku za mwisho ndio wanaobeba utitiri.

Chakula changu: nusu kilo ya viazi vilivyochemshwa na kupondwa (huko Uyole huna shida ya viazi), ndizi mbivu mbili, vijiko vitatu vya sukari, vijiko viwili vya siki kuzuia ukungu. Kikipoa kabisa nyunyiza hamira kidogo juu. Simamisha kipande cha trei ya mayai ndani ili mabuu wapande wakauke.

UlanziMafinga

Kamwene nyote. Kwa leo na kesho, dada, tumia hao hao wanaoruka. Weka kopo kwenye friji dakika tano, au nje alfajiri kwa baridi yenu hiyo, wanalegea. Wamwage haraka ndani ya banda la neti nzito, weka ganda la ndizi karibu na tawi wanalokaa watoto. Wakizinduka wanarudi kwenye ganda, watoto wanawangojea pale pale. Sisi huku wakati wa ulanzi (pombe ya mianzi) tunawakuta wamejaa kwenye mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia, ukitaka uwatoe ndio hawatoki.

MakopoIringa

Sahihi kabisa. Na wanyunyizie chokaa laini ya kuku kabla ya kuwapa, hawa nzi wana kalsiamu kidogo sana. Watoto wapate jua la asubuhi lisilopita kwenye kioo, pawe na kivuli cha kukimbilia. Hydei usiwape wote bado: chakula kisizidi upana wa nafasi kati ya macho ya mtoto.

BandaUyole

Narudi kutoa taarifa. Tochi ilionyesha pupa, wengi, nilikuwa siwaoni kwa sababu wamejificha kwenye mkunjo wa karatasi. Boksi la samaki nimelipata sokoni kwa mchuuzi wa perege. Siku ya 33 asubuhi nimekuta hydei 14 wanatembea kwenye kitambaa kwa ndani. Sijagusa hata mmoja, hao ni mbegu.

Watoto wako 9 bado. Ganda la ndizi limefanya kazi siku ile ile. Aliyekuwa mdogo kuliko wote, ambaye nilishamkatia tamaa, leo nimemhesabu amepiga ulimi mara sita na amekosa mara moja. Kaka wa Iringa, wasioruka nilioweza kuokota jioni ni 22, siyo 30. Nianze nao hivyo hivyo au nisubiri kesho niongeze?

MakopoIringa

Anza leo. Kesho ongeza wengine kwenye kopo la pili, ili likipatwa na utitiri moja, lingine libaki.