Mtume ni nani: kipimo cha Petro, cha Paulo, au cha makanisa?

Mwalimu wa Jumapili

Wakuu, amani kwenu. Nina darasa la watu wazima kanisani, na wiki ijayo tunaanza Matendo ya Mitume. Nilipokaa kuandaa somo nikakwama kwenye jina la kitabu chenyewe. Ndani ya Agano Jipya naona mitume wa aina tatu, naomba tuwalinganishe.

Kwanza, kipimo cha Petro katika Matendo 1. Nafasi ya Yuda iko wazi, wamekusanyika watu wapata 120, na Petro anataja masharti: mtu awe amefuatana nao tangu ubatizo wa Yohana hadi siku Yesu alipochukuliwa juu, apate kuwa shahidi wa kufufuka kwake. Wakasimamishwa wawili, Yusufu Barsaba na Mathiya. Kura ikamwangukia Mathiya.

Pili, Paulo. Kwa masharti hayo hapiti hata mlangoni, maana hakuwa na Yesu Galilaya hata siku moja. Lakini katika 1 Wakorintho 9 anasimama imara: nimemwona Yesu Bwana wetu, na ninyi Wakorintho ndio muhuri wa utume wangu.

Tatu, 2 Wakorintho 8:23. Hapo kuna ndugu waliotumwa tu na makanisa kusimamia mchango kwa ajili ya Wakristo wa Yerusalemu, na Kigiriki kinawaita apostoloi, yaani mitume, vilevile.

Kipi kinaeleza vizuri zaidi kazi ya mitume katika kanisa la mwanzo? Mimi naegemea kwa Petro, kwa kuwa masharti yake yanapimika. Ila Paulo ananinyima usingizi.

Katekista mstaafu

Mleta mada, umeanza vizuri, ila usiyachukulie masharti ya Petro kama tangazo la kazi linalorudiwa kila nafasi ikiwa wazi. Soma Matendo 12:2. Herode anamuua Yakobo, ndugu yake Yohana, kwa upanga. Huyu ni mmoja wa Thenashara, yaani wale mitume kumi na wawili, tena wa wale watatu wa karibu kabisa na Bwana. Je, walipiga kura tena? Hawakupiga. Hakuna mkutano wala jina la mrithi.

Kwa nini Yuda alijazwa nafasi na Yakobo hakujazwa? Yuda aliiacha nafasi yake kwa usaliti, Yakobo alikufa akiwa ndani yake. Thenashara ni idadi yenye maana: Yesu aliwaahidi viti kumi na viwili wakiyahukumu makabila kumi na mawili ya Israeli (Mathayo 19:28). Kifo hakimwondoi shahidi kwenye kiti hicho. Ndiyo maana mimi husema Thenashara ni msingi, na msingi humwagwa mara moja. Waefeso 2:20 inasema hivyohivyo, kwamba tumejengwa juu ya msingi wa mitume na manabii.

Kilichoendelea ni uangalizi. Barua ya Klementi, kiongozi wa kanisa la Roma, kwa Wakorintho, ya miaka ya 90 hivi, inaeleza kwamba mitume waliweka maaskofu na mashemasi, wakaagiza kwamba hao wakifa, watu wengine waliothibitishwa waipokee huduma yao. Angalia: warithi wanaitwa maaskofu, hawaitwi mitume. Kwetu Wakatoliki askofu ni mwandamizi wa mitume, lakini hata sisi hatumwiti askofu wetu mtume wa kumi na tatu.

Msoma Kigiriki

Nakubaliana na Katekista kuhusu Thenashara. Tatizo ni kuwafanya Thenashara na mitume kuwa kitu kimoja. Paulo hafanyi hivyo. Katika 1 Wakorintho 15 anapanga waliomwona Yesu Mfufuka: Kefa (ndiye Petro), kisha Thenashara, kisha ndugu zaidi ya 500, kisha Yakobo (ndugu yake Bwana, si yule aliyeuawa), kisha mitume wote, na mwisho yeye. Kama mitume wote ni walewale Thenashara, kwa nini awataje mara mbili?

Hata Luka, aliyetuandikia masharti ya Petro, anawaita Barnaba na Paulo mitume katika Matendo 14:4 na 14:14. Na kanisa la Antiokia ndilo lililofunga, likawawekea mikono na kuwaaga (Matendo 13). Kwa hiyo vipimo vyako viwili vya mwisho vinagusana kwa mtu mmoja.

Halafu kuna Androniko na Yunia, ambao Warumi 16:7 inawaita maarufu miongoni mwa mitume. Yohane Krisostomo, mhubiri mashuhuri wa kanisa la kale ambaye Kigiriki kilikuwa lugha yake ya kuzaliwa, alipouhubiri mstari huo katika karne ya 4 alimsifu Yunia kuwa mwanamke aliyestahili kuitwa mtume. Wapo wasomaji wanaoona maana ni kwamba alijulikana sana kwa mitume tu. Mimi nasimama na Krisostomo.

Jambo moja la Kiswahili chetu, ambalo Kigiriki hakina: Warumi 1:1 Paulo anajiita mtumwa wa Kristo Yesu, aliyeitwa kuwa mtume. Mtumwa na mtume, yote yanatoka kwenye kutuma. Lugha yetu imeyaweka maneno hayo jirani kuliko Paulo mwenyewe alivyoweza.

Binti wa Parokia

Msimsahau Maria Magdalena. Ndiye aliyetumwa na Mfufuka kwa wale Kumi na Mmoja, na mapokeo yanamwita mtume wa mitume. Mwaka 2016 Papa Fransisko aliipandisha kumbukumbu yake ya Julai 22 kuwa sikukuu.

Tukuyu Kwetu

Mimi si msomi, ila hili linanigusa. Nyumbani alifika mtu akijitambulisha kuwa mtume. Alikaa majuma matatu. Mama aliuza ng'ombe wa maziwa ampe sadaka, na wadogo zangu wakarudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kukosa ada. Kwa hiyo naomba kuuliza: Wakristo wa kwanza walimtambuaje mtume wa kweli akibisha hodi?

Msoma Kigiriki

Pole sana, ndugu. Swali lako lina jibu la zamani mno. Kuna maandishi yanayoitwa Didake, ambayo wataalamu wengi huyaweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa ya 2. Yalikuwa yamepotea, hadi Filotheos Bryennios alipoyakuta Konstantinopoli mwaka 1873, akayachapisha mwaka 1883. Sura ya 11 inasema kila mtume ajaye apokewe kama Bwana. Akae siku moja, na ikilazimu ya pili. Akikaa siku tatu, ni nabii wa uongo. Akiondoka asichukue kitu ila mkate wa kumfikisha atakapolala. Akiomba fedha, ni nabii wa uongo.

Sura ya 12 inahusu msafiri wa kawaida: siku mbili au tatu, na akitaka kuhamia, afanye kazi ndipo ale. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na hawakuwa wameisoma Didake.

Katekista mstaafu

Tukuyu Kwetu, mama yako alitoa kwa moyo safi, usimlaumu.

Niongeze kwamba Paulo alikiri mtume ana haki ya kutunzwa. Anasema Kefa alisafiri na mkewe. Lakini Korintho yeye alishona mahema pamoja na Akila na Prisila. Na mchango wa Yerusalemu ulipokusanywa, hakutaka kuubeba peke yake: makanisa yachague watu wao waupeleke (1 Wakorintho 16:3). Hao apostoloi wa 2 Wakorintho 8, Mwalimu, kazi yao ilikuwa hiyo hasa, kumlinda mtume asije akanyooshewa kidole kwa ajili ya fedha.

Mwalimu wa Jumapili

Hilo sikuliona kabisa. Niliwaweka wa tatu kwa sababu niliwaona wadogo.

Nimebadili mpango. Nitaanza na Matendo 1 na 12 kwa pamoja, kura ya Mathiya na kaburi la Yakobo, kisha 1 Wakorintho 15. Kipimo cha Petro nakiacha kwa Thenashara peke yao, na kazi ya kupeleka Injili hadi Korintho naieleza kwa cha Paulo. Tukuyu Kwetu, ukiniruhusu nitasimulia habari ya ng'ombe bila kutaja mahali.

Tukuyu Kwetu

Simulia. Na usome zile siku mbili mara mbili, watu wa nyuma wasikie.