Naomba ushauri: kukodi boti Canal du Midi (mfereji wa boti kusini mwa Ufaransa)

Wakuu habari zenu, mimi na waifu tupo Ujerumani, mwezi wa tisa tunataka kukodi boti tulale humohumo, tutoke Castelnaudary mpaka Béziers, leseni haihitajiki na spidi yenyewe mwisho kama kilomita 8 kwa saa yaani baiskeli inakupita hivihivi. Sasa kinachonipa presha ni yale mageti ya kupandisha na kushusha boti, pale Fonserannes karibu na Béziers yamepangana kama ngazi, watu wawili tu tutaweza kweli kamba na usukani? Halafu Carcassonne naijua kwa ile ngome yake, ila vimji kama Trèbes na Le Somail vina maduka au tubebe unga wetu kabisa? Na waifu hajui kuogelea jamani.